Luteni Kanali Casimir Zagourski (1883–1944): Askari Aliyetuachia Nyuso za Wazee Wetu



Katika kitabu cha jubilei ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia: mapadri waliofungua misioni, masista waliofundisha na kuuguza, makatekista waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji, na Wakristu wa kwanza walioacha mengi ili wabatizwe. Kurasa hizi zinamkumbuka mtu wa namna nyingine. Hakuwa padri wala katekista, wala hakujenga kanisa. Alikuwa afisa wa jeshi katika nchi za baridi, kisha akawa mpiga picha katika Kongo yetu, na kazi hiyo hakuiacha mpaka kifo chake.

Jina lake halitajwi sana hapa Bunia. Lakini kazi yake inajulikana duniani kote kwa wale wanaotafuta habari za zamani za nchi yetu, na katika kazi hiyo wamo watu wa msitu wa Ituri, wamo Wamangbetu na Waazande, jirani zetu wa Uele. Yafaa basi tujue mtu huyo alikuwa nani, alitafuta nini kwetu, alituachia nini, na alisahau nini.

I. Nchi iliyofutwa katika ramani

Casimir Zagourski alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Zhytomyr. Leo mji huo uko Ukraine. Siku zile ulikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapolonia wa ukoo wa kiungwana, na kwa lugha yao jina lake huandikwa Kazimierz Zagórski. Alipofika Kongo aliliandika kwa namna ya Kifaransa, nalo likabaki hivyo.

Nchi ya Polonia sisi Wakatoliki wa upande huu twaijua kwa sababu ya Papa Yohane Paulo II, mtoto wa nchi hiyo, aliyefika Kinshasa na Kisangani mnamo Mei 1980. Lakini Zagourski alipozaliwa, Polonia haikuwapo katika ramani. Majirani watatu wenye nguvu, yaani Urusi, Prusia na Austria, walikuwa wameigawana kipande kwa kipande, na mwaka 1795 wakaimaliza. Kwa muda wa miaka 123 Mpolonia alizaliwa, akaoa, akazeeka na kuzikwa bila kuwa na serikali yake mwenyewe. Katika ofisi na shule za Kaisari, Kirusi ndicho kilichotawala. Kipolonia kilitunzwa nyumbani na kanisani.

Tulikumbuke jambo hili. Mtoto aliyekulia katika taifa lililofutwa alijua tangu mapema kwamba watu waweza kuwapo, wakasema, wakaimba na kusali, na hali dunia inawahesabu kama hawapo.

II. Jeshi, ndege na kamera

Zagourski alishika njia ya jeshi. Akawa afisa katika jeshi la Kaisari, na baadaye akaingia upande wa ndege. Siku zile ndege zilikuwa jambo jipya kabisa: ndugu wawili Wright wa Marekani waliruka mara ya kwanza mwaka 1903, Zagourski alipokuwa kijana wa miaka ishirini.

Vita vikubwa vilipozuka mwaka 1914, kazi ya kwanza ya ndege ilikuwa kupeleleza kuliko kutupa mabomu. Mwanajeshi alipanda juu, akaangalia mahandaki ya adui, na punde jeshi likagundua kwamba macho ya mtu husahau lakini kamera haisahau. Picha moja iliyopigwa kutoka angani iliweza kuonyesha njia, madaraja na mizinga iliyofichwa. Hivyo katika majeshi yote ya Ulaya kamera ikawa silaha, na maafisa wa ndege wakazoea kuihesabu kati ya vyombo vyao.

Vita hivyo hivyo vilifika Afrika. Askari wa Kongo walipigana na Wadachi mpaka wakauteka mji wa Tabora mnamo Septemba 1916, na nyuma yao walikwenda wapagazi wengi mno wenye mizigo vichwani. Majina ya majemadari yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote.

Mwaka 1917 ufalme wa Kaisari ulianguka. Tarehe 11 Novemba 1918 Polonia ikafufuka, na maafisa Wapolonia waliotawanyika katika majeshi ya wageni wakarudi kuitumikia. Zagourski alikuwa mmoja wao. Alitumika katika jeshi la ndege la Polonia katika vita vya kupigana na Wabolsheviki, vilivyodumu tangu 1919 hata 1921, na ambamo mji mkuu wa Warszawa uliponea chupuchupu mnamo Agosti 1920. Alitoka jeshini na cheo cha luteni kanali.

Lakini amani ilimletea uchungu wake. Mapatano yaliyotiwa sahihi katika mji wa Riga mwaka 1921 yaliweka mpaka mpya, na Zhytomyr ukabaki upande wa Wasovieti. Nchi ya Zagourski ilipatikana, ila mji alimozaliwa ulipotea.

III. Chumba cha giza huko Léopoldville

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, Luteni Kanali Zagourski alifika Kongo ya Wabelgiji akakaa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mji huo ulikuwa ukitayarishwa kuchukua nafasi ya Boma kama makao makuu ya serikali, na kila upande palijengwa nyumba, bandari na barabara. Yule askari aliweka upanga chini, akafungua studio ya kupigia picha.

Wengine wenu, hasa vijana wanaopiga picha kwa simu na kuzituma papo hapo, hawawezi kudhani kazi hiyo ilikuwa ngumu namna gani. Picha ilipokelewa juu ya kioo au filamu iliyopakwa utando laini wenye madini ya fedha. Utando huo uliogopa mwanga, basi ulisafishwa katika chumba cha giza, kwa dawa na maji safi. Tena uliogopa joto: maji yakiwa ya moto kupita kiasi, utando hulainika, hujikunja, na uso wa mtu huharibika. Kwa hiyo wapiga picha wa nchi zetu walipenda kusafisha picha usiku, au kutafuta maji ya baridi kabla ya mapambazuko. Unyevu ulileta ukungu, na safari mbaya ilivunja vioo. Picha nzuri iliyotoka Kongo miaka ile ni ushuhuda wa uvumilivu.

Zagourski alikuwa na uvumilivu huo. Alipiga picha za watu waliofika katika studio yake, za kazi za serikali na za sikukuu. Mwaka 1928, Mfalme Albert wa Ubelgiji na Malkia Elisabeth walipozuru Kongo, yeye alikuwapo na kamera yake. Angaliweza kutosheka na mkate wa mjini. Lakini moyo wake ulimvuta mbali na mji.

IV. Safari zake

Kati ya miaka 1929 na 1937 alifanya safari ndefu mara kadhaa. Alipita Kongo kutoka kusini hata kaskazini, akaingia Rwanda na Urundi, akavuka hata nchi za Ubangi-Shari na Chad zilizotawaliwa na Wafaransa. Picha alizozikusanya alizifanya kadi za posta. Kadi hizo hazikuchapwa kwa wino: kila moja ilikuwa picha ya kweli, iliyosafishwa juu ya karatasi yake, yenye namba na maneno machache ya Kifaransa. Ziliuzwa moja moja, tena ziliuzwa pamoja katika albamu nzuri. Mkusanyo wote aliupa jina la Kifaransa, L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika Inayotoweka. Mwaka 1937 picha zake zilionyeshwa huko Paris katika maonyesho makubwa ya mataifa.

Upande wetu wa kaskazini-mashariki ulimpa baadhi ya picha zake bora. Tufikiri jinsi nchi ilivyokuwa. Bunia ulikuwa bado mji mchanga. Dhahabu ilikuwa imeonekana upande wa Kilo tangu mwaka 1903, na machimbo ya Kilo na Moto yalikuwa yakila nguvu za vijana wengi, ambao si wote waliokwenda kwa hiari. Barabara za udongo zilikuwa zikikatwa msituni kwa jembe na shoka. Katika nchi hiyo Mpolonia alifika, akasimamisha kamera yake, akaangalia.

V. Alichokiona

Yeyote anayezitazama kadi hizo leo hushangaa kwanza kwa uzuri wake. Wanawake wa Kimangbetu wanaonekana wakiwa na vichwa virefu, kwa maana siku zile mama alimfunga mtoto mchanga kichwa kwa kamba laini ili kikue kwa namna hiyo, na juu yake nywele zilisukwa na kutandazwa kama ungo. Desturi hiyo ilififia katikati ya karne iliyopita, na leo mtoto wa Kimangbetu huijua kwa kusimuliwa na kwa kuona picha kama hizi. Wanaonekana pia watu wa msitu, Wambuti, pamoja na wacheza ngoma wa Rwanda, wavuvi, wahunzi, machifu na mapambo yao.

Wapiga picha wengi wa siku zile walisimama mbali, wakawapanga watu mstari kama vitu vya kuhesabiwa. Zagourski mara nyingi alisogea karibu. Aliuacha mwanga wa jua uanguke upande mmoja wa uso, akasubiri. Ndiyo sababu katika picha zake nyingi twaona mtu mwenye heshima yake, mtu anayefikiri, asiyeomba kitu kwa yule anayemtazama. Labda ni kwa kuwa mpiga picha mwenyewe alijua maana ya kutazamwa na wenye nguvu. Hilo halikuandikwa, lakini nyuso zile zaruhusu kulifikiri.

Hizo ndizo sifa zake, nasi tunazitaja bila uchoyo.

VI. Alichokisahau

Yafaa kusema ukweli wote, kwa maana sifa bila ukweli ni mzigo kwa marehemu.

Kwanza, jina la mkusanyo wake halikuwa sahihi kabisa. Ni kweli kwamba desturi nyingi zilikuwa zikibadilika. Lakini watu wenyewe hawakuwa wakitoweka. Walikuwa wakilima, wakizaa, wakijifunza kusoma, wakinunua baiskeli, wakijenga makanisa ya nyasi, wakichimba dhahabu isiyokuwa yao. Mambo hayo yote yalikuwapo siku zile zile na katika barabara zile zile, lakini katika kadi hizo ni nadra kuyaona. Zagourski alitafuta ya kale, akayaacha mapya nje ya picha. Aliyetazama kadi hizo huko Ulaya aliweza kuamini kwamba Mwafrika ni mtu wa jana tu, asiye na kesho. Nasi wajukuu wa watu wale tupo hapa, tunaadhimisha jubilei.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, majina hayapo. Chini ya picha mara nyingi imeandikwa kabila la mtu, au kazi yake, au mahali. Yeye mwenyewe ni nani? Ni binti ya nani? Alizaa watoto gani? Kadi hainong'oni hata neno moja. Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Kabla yake, kati ya mwaka 1909 na 1915, mtaalamu mmoja aitwaye Herbert Lang, aliyetumwa na jumba la makumbusho la New York, alipita Ituri na Uele akapiga maelfu ya picha, na hata leo twajua kwamba mtawala wa Kimangbetu aliyeonekana katika picha zake aliitwa Okondo. Kuuliza jina kulihitaji dakika moja na mkalimani mmoja.

Twashangaa tukifikiri kwamba aliyesahau majina hayo ni mtoto wa taifa lililofutwa katika ramani, mtu ambaye jina lake mwenyewe liliandikwa kwa herufi za wengine. Lakini ndivyo mwanadamu alivyo. Donda lake mwenyewe humfundisha kuona machozi ya mwingine, nalo halimfundishi daima kumwuliza anaitwa nani. Tena Zagourski alifanya kazi ndani ya utawala uliohesabu watu kwa kabila, kwa kodi na kwa mikono ya kazi. Kadi zake zilifuata hesabu ile.

VII. Kufa kwake na urithi wake

Mwaka 1939 Ujerumani iliivamia Polonia upande wa magharibi, na Wasovieti wakaivamia upande wa mashariki. Kwa mara ya pili nchi ya Zagourski ikafutwa. Yeye alikuwa mbali, mzee sasa, katika studio yake ya Léopoldville. Alifariki katika mji huo huo mwaka 1944, kabla vita havijaisha. Hakuiona tena Polonia ikisimama. Mtoto wa ndugu yake, Marian Zagórski, aliishika kazi ya studio baada yake.

Picha zake zilitawanyika duniani, kwa kuwa kadi ya posta hutumwa. Nyingine zilikaa katika masanduku ya familia za Ubelgiji, nyingine zilinunuliwa na wakusanyaji. Leo zinatunzwa katika nyumba kubwa za elimu, kama vile hifadhi ya picha ya jumba la makumbusho la sanaa ya Afrika huko Washington, na vitabu vizuri vimechapishwa juu yake. Huyo aliyetaka kuhifadhi Afrika amehifadhiwa naye. Na bibi yule wa Kimangbetu, aliyesimama kimya mbele ya kamera, anatazamwa na watu wa miji mikubwa wasioweza kumwita.

VIII. Fundisho kwa parokia yetu

Kwa nini habari hizi ziwekwe katika kitabu cha jubilei? Kwa sababu sisi wa Ituri twajua kutoweka ni kitu gani. Katika vita vya miaka 1999 hata 2003, na katika fujo zilizofuata mpaka siku zetu, vijiji vilichomwa na watu wakakimbia bila kuchukua kitu. Pamoja na nyumba na mifugo viliungua vile vitu vidogo visivyolipwa na mtu: picha ya arusi, picha ya mtoto siku ya komunyo ya kwanza, picha pekee ya baba aliyefariki. Wengi wanaosali nasi Bunia leo hawana hata karatasi moja inayoonyesha uso wa mama yao.

Kanisa limetupa silaha dhidi ya kutoweka kwa namna hii, nayo ni kitabu cha ubatizo. Hakina uzuri wowote. Ni mistari na wino: jina la mtoto, jina la baba na la mama, jina la msimamizi, siku na mahali. Lakini makatekista waliotutangulia waliandika humo mtoto wa maskini kwa uangalifu ule ule kama mtoto wa chifu, kwa maana Injili yatufundisha kwamba Mchungaji Mwema anawajua kondoo wake kila mmoja kwa jina. Zagourski alitunza nyuso bila majina. Vitabu vyetu vimetunza majina bila nyuso. Vyote viwili vyahitajiana.

Tunayo mifano ya vyote viwili pamoja. Katika nyumba ngapi za upande huu imetundikwa picha ya Mwenye Heri Anuarite, binti wa Wamba aliyeuawa huko Isiro mwaka 1964? Hakuna anayesema kwamba ile ni picha ya mwanamke wa Kibudu tu. Tunamwita kwa jina lake, tunamwomba atuombee, na watoto wetu wanabatizwa kwa jina hilo.

Basi, ndugu wapendwa, jubilei hii isipite bure. Kila familia yenye picha ya zamani aitoe sandukuni, akae na mzee anayewakumbuka waliomo, amwulize mmoja mmoja, kuanzia kushoto hata kulia. Kisha waandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi, polepole, maana wino hupenya na kuharibu uso: jina, ukoo, kijiji, mwaka. Asiyekuwa na picha aandike majina peke yake katika daftari. Na vijana wenye kamera katika simu zao, wanapowapiga wazee picha siku ya sikukuu, wasiondoke kabla ya kuuliza wanaitwa nani.

Tumwombee pia Luteni Kanali Casimir Zagourski, aliyelala katika udongo wa Kongo mbali na nchi yake. Alitupenda kwa macho yake, nasi tumshukuru kwa hilo. Na tuwaombee wale wote waliosimama mbele ya kamera yake katika msitu wa Ituri na katika nchi ya Uele. Majina yao hatuyajui. Mungu anayajua.